Sauti Kutoka Dubai

Inspekta Kabedi alipofika kambi ya wafanyakazi ya Shituru, mjini Likasi, asubuhi ile ya Jumatano, nusu ya paa la nyumba ya marehemu mzee Bertin ilikuwa imeshateremshwa. Mabati yalilazwa uani, na mafundi wawili walikuwa bado juu, wakichomoa misumari na kuidondosha ndani ya kopo.

"Mushuke," alisema Kabedi.

"Mama, patron aliyenunua alisema kesho nyumba ikuwe chini," akajibu mkubwa wao. "Anataka kuweka depo ya mawe hapa."

"Minye ni wa polisi ya upelelezi. Mushuke kwanza, ya patron tutaongea na yeye mwenyewe."

Walishuka. Kabedi akalitazama anga. Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza wiki mbili zilizopita, na upande wa milimani wingu lilikuwa linajikusanya tangu alfajiri.

Hakuwa na haja ya kuuliza mtu njia ya kufika pale. Alizaliwa nyumba ya tatu kutoka hiyo, enzi ambazo nyumba zote za mstari zilipakwa chokaa moja nyeupe, na king'ora cha kiwanda ndicho kilichowaambia akina mama wakati wa kubandika sufuria. Mzee Bertin alikuwa mtu wa mitambo ya shaba siku sita, na Jumapili mpiga tromboni katika bendi ya kampuni. Watoto wa mstari mzima walimfuata mpaka uwanjani, Kabedi akiwa mbele, akibeba kofia yake kama mtu aliyebeba sakramenti. Sasa chokaa ilikuwa imebanduka na bendi ilikuwa imekufa. Kati ya wazee waliokuwa wakikaa barazani jioni, alibaki mjane wa Bertin, Mama Albertine, ambaye asubuhi hiyo alikuwa ameketi juu ya godoro lake lililotolewa nje.

Karibu yake alisimama binti yake Reine, mfanyabiashara wa nguo, aliyerejea jana kutoka safari ya China. Ndiye aliyeleta mashtaka.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Kabla hajafa, mzee Bertin aliwaita ndugu na kusema kwamba nyumba ile haitauzwa mpaka mkewe na watoto wake wote watatu wakubali kwa kinywa chao wenyewe, mbele ya mashahidi. Jumamosi iliyopita Isidore, mtoto wa kwanza, mwenye malori ya kubeba mawe ya shaba, aliitisha mkutano wa familia nyumbani kwake. Katikati ya mazungumzo simu yake ililia. Akaiweka mezani, akafungua sauti wote wasikie. Aliyesema alikuwa Reine: ameshuka kwenye ndege Dubai, anakubali, nyumba iuzwe. Jumatatu mnunuzi akaleta mafundi. Jumanne Reine akafika na kukuta paa linafunuliwa, akaapa kwamba hakumpigia mtu yeyote.

Simu ya Isidore, kwa maelezo yake, iliibiwa sokoni Jumapili. Kuomba kumbukumbu za simu Lubumbashi kungechukua wiki kadhaa, na nyumba haikuwa na wiki kadhaa.

"Ya Kabedi," alisema Reine, akimwita Ya, yaani yaya, kama ndugu mkubwa wa kambini, "bote banasema nilisema, kisha nageuka. Banasema natafuta kuongezewa. Weye unaniamini?"

"Kazi yangu haiko kuamini. Unieleze ile safari, polepole."

Reine akakaa juu ya lundo la mabati. "Tulitoka Guangzhou ku magaribi. Banatuletea chakula, nikakula, nikalala. Nikaamuka, bantu bote bamelala, nikatembea kidogo mu kati juu miguu ilikuwa inavimba. Nikalala tena. Kisha banatuletea chakula ingine, njo banasema mufunge mikanda, tunafika Dubai."

"Mulikula mara mbili."

"Mara mbili."

"Na kisha kufika, ulipigia nani?"

"Hakuna. Telefone ilikosa network. Kesho yake ku hoteli njo nikapigia Mama."

Kabedi akamgeukia Mama Albertine. "Mama, ile Jumapili Reine alikupigia, hukumuambia kama kulikuwa mukutano jana yake?"

"Nilisahau," alisema mama mzee, akikunja pindo la kitenge chake.

Kutoka jikoni sauti ikauliza: "Mama, nilete chai?" Kabedi akamgeukia Reine kana kwamba ni yeye aliyesema, kisha akaona kwamba Reine hakufungua mdomo. Aliyetokea mlangoni alikuwa Jenny, mtoto wa mwisho, anayeishi pale na mama yake. Aliweka vikombe chini bila kumwangalia mtu usoni, akarudi jikoni.

"Tikiti yako nani aliiona?" Kabedi akauliza.

"Niliwatumia picha, Isidore na Jenny. Isidore alikuwa wa kunitumia gari Lubumbashi."

Alimwonyesha picha ile kwenye simu. Kuondoka Guangzhou, saa moja magharibi. Kufika Dubai, saa tano na nusu usiku. Kabedi aliisoma mara mbili, akaomba atumiwe nakala.

Alipita ndani ya nyumba kabla ya kuondoka. Chumba cha kulala kilikuwa wazi juu, jua likipiga sakafu nyekundu ya saruji ambayo Mama Albertine aliisugua kwa nta miaka yote. Ukutani kulikuwa na mistari ya maji, mirefu, ya kahawia, kutoka darini hadi chini. Kando ya kitanda palipangwa mabeseni manne na sufuria moja ya zamani.

Shahidi mkuu alikuwa Elie, mdogo wa marehemu, shemasi wa kanisa dogo la kilokole mtaani Kikula. Kabedi alimkuta akipanga viti vya plastiki kwa ajili ya maombi ya mchana.

"Minye niko muntu wa Mungu," alisema Elie. "Siwezi kudanganya. Ilikuwa sauti ya Reine."

"Saa ngapi?"

"Saa kumi na moja na nusu. Najua juu nilitoka pale moja kwa moja kuja ku maombi ya saa kumi na mbili, na nilikuta bado hawajaanza."

"Alisema nini? Maneno yenyewe, baba mudogo."

Elie akaweka kiti chini. "Alisema: 'Minye Reine, nimefika Dubai sasa hivi, niko mu aéroport. Nyumba muuzishe, nakubali. Mama asiamuke tena usiku kupanga mabeseni.' Njo pale nililia. Isidore hawezi kumutungia muntu maneno kama ile. Isidore anajua malori."

Kabedi aliyaandika maneno yale kama yalivyo. "Nani walikuwa mu mukutano?"

"Isidore, minye, Mama Albertine, bashemeji babili. Orpha, muke wa Isidore, alikuwa anaingia na kutoka, anapika."

Orpha. Kabedi alimkumbuka. Msichana yule wa zamani wa kwaya ya parokia alikuwa akiwaigiza masista mpaka watoto wanaanguka kwa kucheka, na sista mwenyewe aliwahi kuitika akidhani ameitwa na mwenzake. Mtu anayeingia na kutoka anaweza kutoka kwa muda wa kutosha kupiga simu moja.

Alimkuta nyumbani akichambua maharagwe. Orpha hakujificha wala hakukasirika.

"Unafikiri ni minye," alisema. "Hata minye ningefikiri vile. Lakini telefone ilipolia nilikuwa namimina maji, namunawisha baba mudogo Elie mikono. Maji ilimwangika juu ya suruali yake, nilivyoshituka kusikia Reine. Umuulize."

Kabedi alimpigia Elie palepale. Ilikuwa kweli, suruali ilikuwa bado na doa la mchuzi uliotoka mikononi.

"Na Jenny?" akauliza Kabedi, kana kwamba ni jambo la kupita. "Alikusaidia kupika?"

"Jenny hakukuwa. Alikuwa ameshakubali asubuhi mbele ya baba mudogo Elie na bashemeji, kisha akasema anaenda Buluo kusalimia rafiki. Nilishangaa. Mukutano ya nyumba yake mwenyewe."

Kwa muda Kabedi alikaa ndani ya gari bila kuwasha injini. Mara mbili, alisema Reine. Tulikula mara mbili.

Alipokuwa mtoto, hakuna mtu kambini aliyepima njia kwa kilometa. Walipima kwa chakula. Mama yake alipomfungia mtu wa safari kapu la treni, aliuliza tu anakwenda wapi, na mkono ukajua wenyewe. Wa Lubumbashi alipewa mkate na yai. Wa Kamina alipewa kuku mzima, mihogo ya kuchemsha na chupa mbili za maji, kwa sababu angekula, angelala, na angeamka akiwa bado njiani. Mtu aliyekula mara moja hakuwa amekwenda mbali. Aliyekula mara mbili, akalala katikati, huyo amesafiri.

Saa nne na nusu ni safari ya kula mara moja.

Aliendesha mpaka mjini, kwenye wakala wa tikiti karibu na posta, akamwonyesha kijana wa mezani ile picha.

"Guangzhou mpaka Dubai, ni mbali gani?"

"Kilometa kama elfu tano na mia nane, Mama."

"Na ndege inachukua saa ngapi?"

"Saa munane na nusu. Mara ingine tisa, juu ukienda upande wa magaribi upepo iko mbele."

"Hapa naona nne na nusu."

Kijana akatabasamu kwa adabu, kama mtu aliyekwisha kueleza jambo hilo mara nyingi. "Kila saa ni ya mahali pake, Mama. Ya kuondoka ni ya Guangzhou, ya kufika ni ya Dubai. Dubai iko nyuma ya Guangzhou saa ine. Ndege inatembea, na saa inarudi nyuma."

Isidore aliletwa ofisini saa nane mchana. Alikuja amevaa suti, akaomba kiti kabla hajapewa. Alikuwa na mabega ya baba yake, na kwa nukta moja, alipoinama kukaa, Kabedi aliona tromboni.

"Mama Inspecteur, hii ni mambo ya familia," alisema. "Reine alisema mbele ya bantu. Leo anakataa. Minye nifanye nini?"

"Ulijuaje kama atakupigia saa ile?"

"Sikujua. Lakini ilikuwa saa yake ya kufika. Hesabu mwenyewe. Aliondoka Guangzhou saa moja magaribi. Siye huku tuko nyuma yao saa sita, donc ilikuwa saa saba ya muchana hapa Likasi. Safari saa ine na nusu. Saba na ine na nusu, ni kumi na moja na nusu. Njo saa telefone ililia. Hata ungekuwa unataka kudanganya, hauwezi kupata saa sawasawa vile."

"Ni hesabu nzuri," alisema Kabedi. "Ulifanya weye?"

Isidore alisita. "Kila muntu anaweza kuifanya."

Kabedi aliweka karatasi tupu mezani, akachora nukta mbili zilizo mbali, akaunganisha kwa mstari. "Hapa Guangzhou. Hapa Dubai. Kati yake kilometa karibu elfu sita. Kutoka hapa mpaka Lubumbashi ni mia moja na makumi mbili. Basi uende Lubumbashi mara makumi ine na munane. Ndege ya bantu inakimbia sana, lakini hakuna inayokula njia ile mu saa ine na nusu. Inachukua munane na nusu."

"Tikiti inasema tano na nusu ya usiku."

"Ya Dubai. Wakati kule ni saa tano na nusu, huku kwetu ni saa tatu na nusu ya usiku. Njo saa dada yako alishuka. Saa kumi na moja na nusu, wakati telefone yako ilikuwa inalia juu ya meza, Reine alikuwa angani, amelala, miguu imevimba. Alikuwa na saa ine bado mbele yake. Na ile sauti ilisema: 'Nimefika Dubai sasa hivi.'"

Isidore aliivuta ile karatasi karibu, akaitazama. Nje gari la kokoto lilipita na kutikisa dirisha.

"Labda alinidanganya yeye," alisema hatimaye. "Alisema amefika, kumbe bado."

"Juu ya nini adanganye? Kuna kitu ingine. Ile sauti ilisema Mama asiamuke tena kupanga mabeseni. Mvua ilianza wiki mbili sasa. Reine alikuwa ameshaenda China mwezi mzima. Mwaka jana paa ilikuwa haivuji vile, nimeuliza. Muntu aliyesema juu ya mabeseni analala chini ya ile paa."

Isidore akafungua kifungo cha koti. Kabedi alimwacha na mwenzake wa zamu, akachukua funguo za gari.

Wingu lilikuwa limefika juu ya Shituru alipoingia uani. Reine alikuwa amewalipa wale mafundi wa mnunuzi chai na maneno matamu, na sasa walikuwa wakirudisha mabati juu, wakishindana na mvua. Mama Albertine alikuwa palepale kwenye godoro. Kabedi alizunguka nyuma, kwenye jiko la nje, alikomkuta Jenny akisonga bukari.

"Jumamosi ulikuwa Buluo?" akauliza.

Jenny hakuacha kusonga. Mwiko ulizunguka mara kadhaa.

"Hapana," alisema, kwa sauti ya Reine. "Nilikuwa nyuma ya garage ya Yaya Isidore, na telefone yake ya pili."

"Ile hesabu ya saa?"

"Ni minye. Nilihesabu siku tatu. Yaya Isidore alisema tuweke usiku, minye nikakataa, nikasema baba mudogo Elie ataenda ku maombi, na saa inakubali. Kumbe nilihesabu mubaya."

"Tangu mutoto banakuchanganisha na Reine."

"Hata Papa alikuwa anatuchanganisha." Akaepua sufuria, akaiweka chini. "Ya Kabedi, utaniuliza juu ya nini. Nitakuambia. Reine akikuya hapa anapita mu kila chumba, anagusa ukuta, anasema: hapa Papa alikuwa anapanguza tromboni, hapa tulikuwa tunacheza. Analia kidogo, anaenda. Hata weye asubuhi nilikuona. Ulisimama pa mulango kama mu kanisa. Beye bote banapenda hii nyumba juu banaitoka. Minye njo nalala mule. Mvua ikinyesha ni minye na Mama, usiku, tunapanga mabeseni. Muchumba wangu yuko Kolwezi, anangoja mwaka wa tatu. Nitamuacha Mama na nani?"

Kabedi alikuwa na swali jingine tayari, la utaratibu, kuhusu ile simu ya pili. Akafunga daftari. Mama yake mwenyewe alifia nyumba ya tatu kutoka pale, msimu wa mvua, wakati Kabedi akiwa katika mafunzo ya polisi Lubumbashi. Hakuwahi kuuliza nani alikuwa akimpangia mabeseni.

Aligeuka akakuta Mama Albertine amesimama nyuma yao, ameshika ukuta. Reine alikuwa pembeni yake, na kwa jinsi uso wake ulivyokuwa, alikuwa amesikia yote.

"Mama ulijua," alisema Kabedi.

"Minye nilizala zile sauti zote mbili," alisema mama mzee. "Jenny alipofungua tu mdomo nilijua. Nikanyamaza. Mutoto huyu amezeeka mu mikono yangu, Kabedi. Niliona kama nyumba ikienda, na yeye ataenda."

"Na ukanyamazia Reine pia, ku telefone."

"Nilinyamazia bote. Niandike mu karatasi yako."

Reine akasogea mpaka mbele ya mdogo wake. Matone ya kwanza yalianza kugonga mabati, moja moja.

"Sema ile ulisema," alisema.

"Yaya, uniache."

"Nataka kusikia nilisema nini."

Jenny akafuta mikono kwenye kitenge. Alisema akiangalia chini, haraka, kama mtoto anayesomeshwa: "Minye Reine. Nimefika Dubai sasa hivi, niko mu aéroport. Nyumba muuzishe, nakubali. Mama asiamuke tena usiku kupanga mabeseni."

"Ile ya mabeseni, Isidore njo alikufundisha?"

"Hapana. Yeye alitaka niseme tu nakubali."

Juu ya paa fundi mmoja alimwita mwenzake amletee misumari.

"Sikujua ya mabeseni," alisema Reine. "Kila mara napiga telefone, munanambia hapa tuko muzuri. Kama mungenambia, ningesema vilevile. Mungeniuliza tu."

Jenny akaanza kulia, bila kelele, na Reine hakumshika wala hakuondoka. Alikaa chini kwenye kigoda kando ya moto.

Kabedi alifanya kilichompasa. Alimwambia Jenny kwamba kesho asubuhi aje ofisini kurudia maneno yale mbele ya karani, aje mwenyewe, hatatumiwa askari. Alimwambia Reine kwamba mauzo yamekufa, kwa sababu kinywa kimoja kati ya vinne hakikusema, na kwamba mnunuzi atajulishwa leo hii. Kuhusu Isidore, ni juu ya Reine na parokia na mahakama, kwa mpangilio wanaoutaka wenyewe, lakini usiku wa leo atalala palepale alipo.

"Hatutauza mu mvua," alisema Reine. "Mabati bayamalize. Minye nitalala hapa mpaka mwezi wa ine. Jenny ataenda Kolwezi kuona ule muntu wake. Kisha mvua, tutakaa chini bote, na Isidore akiwemo, tuongee."

"Utaweza?" akauliza Jenny. "Duka yako ni Lubumbashi."

"Nitajua."

Mama Albertine alikuwa ameshaleta bakuli la samaki wa ziwa Tshangalele na kuliweka juu ya mkeka, chini ya kipande cha paa kilichokuwa kimekwisha kupigiliwa. Kabedi aliaga. Alikuwa na maelezo ya kuandika, na Isidore wa kumfungia mlango wa mahabusu.

"Ukae," alisema mama mzee. "Mama yako hakuniachaka hata siku moja nipite kwake na njaa."

Mvua ikashuka kwa nguvu. Kabedi alivua viatu vyake vya kazi, akaviweka kando ya mlango pamoja na vya wengine. Reine akammiminia maji mikononi, Jenny akamsogezea bukari, na wanawake wanne wakala kutoka sahani moja, wakisikiliza mafundi juu yao wakipigilia misumari ya mwisho.